Kwa Mwalimu wa Chumba cha Mbele

Wifi, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, asubuhi ya siku ya shule, ukiwa umeshavaa tayari kwenda darasani.

Anayekuandikia kwa niaba ya wote ni wifi yako, mke wa kaka yako. Anakumbuka siku aliyorudi sokoni akakuta watoto saba wamekaa mkekani katika chumba chake cha mbele, na viti vyake havipo.

"Wifi, viti vyangu viko wapi?"

"Vimefukuzwa shule. Vilikuwa havisomi."

Alinuna siku mbili. Ya tatu akaanza kukupigia kengele ya shule.

Hukuwa na kanisa kubwa nyuma yako wala mfadhili. Ulikuwa na Biblia, ubao, na kaka yako fundi seremala. Kila mwaka, darasa lilipoongezeka, aling'oa ukuta wa mbao akausogeza, hadi chumba, kibaraza na karakana yake vikaisha, tukahamia kiwanja cha pembeni.

"Dada, mwakani utaniambia nisogeze barabara," alilalamika.

Ukamuuliza, uso mkavu, ingemchukua siku ngapi.

Asubuhi sala yako ilikuwa fupi: "Bwana, tupe hamu ya kujua." Kisha maswali. Sheria ilikuwa moja tu: asiyejua aseme hajui, halafu akatafute. Ilikubana wewe kwanza. Mtoto wa darasa la pili alipouliza kwa nini mchwa hawakuitafuna safina ya Nuhu, ulisema, "Sijui." Ukamuuliza mchungaji, akacheka. Ukamuuliza kaka yako, naye akajibu bila kuacha kupiga randa, "Labda waliipaka lami." Ukafungua Mwanzo papo hapo. Lami ipo, ndani na nje! Ulikuja jikoni mbio, Biblia mkononi, unacheka kama msichana.

Na mtoto akijikojolea darasani, ulimmwagia maji ya ndoo kama kwa bahati mbaya, ukamwomba radhi mbele ya wenzake, asijulikane. Ulidhani hatukuoni. Tulikuona.

Jambo moja uliliacha halijaisha: kibali cha darasa la saba. Mkaguzi alikuwa amekuja, akawasikia watoto wakisema "sijui" mara kwa mara, akaandika kwamba hawako tayari. Bila kibali, watoto kumi na wanne wa darasa la sita wangetawanyika. Uliondoka bila kujua itakuwaje, wewe uliyetaka kujua kila kitu.

Tulimwomba binti wa kaka yako ashike nafasi yako.

"Mama, mimi nitaweza wapi? Mimi si shangazi."

"Hujui kama utaweza," mama yake akamwambia. "Basi katafute."

Mkaguzi akarudi. Akamsimamisha msichana mmoja, akamuuliza kwa nini bahari ina chumvi.

"Sijui, mzee. Naomba dakika tano."

Msichana akaenda kwenye rafu, akafunua vitabu viwili, akanong'ona na mwenzake, akarudi na jibu: mito huiosha chumvi kutoka kwenye mawe na udongo na kuipeleka baharini. Kisha akaongeza la kwake: "Lakini mzee, mbona maji ya mto tukiyaonja hayana chumvi?"

Mkaguzi akakuna kidevu. "Hilo, mwanangu, sijui."

Darasa zima kwa sauti moja: "Katafute!"

Binti yetu alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. Alipomaliza kuifuta akauliza, "Nani aliwafundisha hawa?" Tukamwambia. Akasimama, kofia mkononi.

Kibali kilifika mwezi uliofuata. Wote kumi na wanne wako darasa la saba, Wifi. Hakuna hata mmoja aliyehama. Tumeona leo tukwambie.

Unakumbukwa na kaka yako fundi, wifi yako, binti wa kaka yako ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu, wajukuu waliokuita Bibi Mwalimu, walimu wenzako, na watoto wote wa shule.

Pumzika kwa Bwana. Mioyoni mwetu hutoki.