Kilo Nne Zilizopotea

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa mezani, halafu nikasubiri kidogo, kwa mazoea tu. Leo ni Jumapili, nimetoka ibada ya kwanza, nimekaa chumbani kwangu Elerai na mlango nimeupiga komeo ingawa ni mchana kweupe. Naogopa, Baba. Naogopa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, na nikisema ukweli wote, nilianza kuogopa wiki tano kabla ya hapo. Barua hii nimeiandika wazi. Wenzangu wa banda la mizigo wataisoma, na nimekubali waisome.

Unakumbuka ulivyokuwa unaanza kazi pale uwanja wa ndege? Kila asubuhi, kabla kreti ya kwanza haijashushwa kwenye gari, ulikuwa unapanda wewe mwenyewe juu ya ule mzani mkubwa wa sakafuni, na buti zako, na kizibao chako cha kung'aa, unasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kilo sabini na mbili. Unashuka, unaandika kwenye daftari lako, ndipo kazi inaanza. Wapakiaji walikutania miaka yote. "Mzee leo anajisafirisha!" "Mzee, siku ukianza kuuzwa kwa kilo utuambie mapema!" Wewe wala hucheki. Unawajibu, "Mimi najijua. Mzani ukinidanganya mimi, utamdanganya na rubani."

Mimi nilikuwa upande wa abiria wakati ule, napima mabegi ya watalii, na nilikuwa naona aibu. Nilitamani baba yangu aanze kazi kama watu wengine, kwa chai. Ulinielewesha siku moja tumekaa nyuma ya banda, unamenya chungwa. Ukaniambia ndege zetu hizi ni ndogo, zinaenda kutua kwenye vile viwanja vya vumbi huko mbugani, zimebeba abiria kumi na kitu, na nyuma yao mayai, nyanya, mitungi ya gesi na soda za kambi. Rubani hapimi kitu, ukasema. Anapewa karatasi yenye sahihi yako, anaangalia namba, anafanya hesabu zake, anaondoka. "Yeye anairusha ile karatasi, mama," ukaniambia. Nilipenda ulivyoniita mama. Hakuna anayeniita hivyo sasa.

Na ulikuwa mkali! Siku ile mpishi wa kambi alipiga simu kufoka kwa sababu umeshusha mitungi miwili ya gesi, wageni wake watakula nini. Ukamjibu kwa upole kabisa kwamba leo wageni watakula matunda. Tulicheka wiki nzima.

Halafu ukaja mwaka ule. Mzani ukasema sabini. Baada ya siku kadhaa, sitini na nane. Ukakasirika, ukasema mzani umeharibika, ukawaita watu wa vipimo. Wakaja na vyuma vyao vya kupimia, wakavipanga juu yake, wakasema mzani hauna tatizo. Wakaondoka. Ulipofika sitini na tano ukawaita tena, na wapakiaji wakakucheka tena, na watu wa vipimo wakasema tena hauna tatizo. Jioni ile ulinipitia kwenye dawati langu. Nilijua kuna jambo kwa sababu ulikuwa umeshika kofia mkononi. "Mama, mzani ni mzima," ukasema. "Mbovu ni mimi."

Madaktari walikuja kutuambia baadaye, lakini wewe ulishajua. Tumbo lako lilikuwa limeanza kukuondoa kidogo kidogo, na la kwanza kuliona hilo lilikuwa lile bamba la chuma la mzani. Tulikuzika Maji ya Chai, nyuma ya nyumba, kwenye migomba yako. Mimi nikaomba kuhamishiwa kwenye mzani wako. Walinikubalia upesi. Walisema binti wa mzee hahitaji kufundishwa.

Nikalichukua na daftari lako. Ukurasa wako ulipoishia nikapiga mstari, nikaendelea chini yake. Kilo sitini na nne pamoja na viatu. Kila asubuhi napanda, naandika. Wapakiaji hawakunitania, Baba, na hilo liliniuma zaidi.

Masika ya mwaka huu yalikuwa mabaya. Maji yaliingia hadi ndani ya banda, tukayasukuma kwa fagio siku mbili. Siku chache baadaye nilipanda mzani ukasema sitini na tatu. Sikushtuka. Nilisema ni uchovu, ni huzuni, ni kufunga Kwaresima. Wiki iliyofuata, sitini na mbili. Nilishuka, nikapanda tena. Sitini na mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wewe ulianza hivyohivyo, mzani uleule, asubuhi ileile. Nikaanza kulisikia tumbo langu. Kila likinguruma nasimama kusikiliza. Nikienda Maji ya Chai, Mama ananiangalia mlangoni na kusema, "Mbona umekonda hivi?" na kina mama wa kwaya wanadakia kwamba kweli, shingo yote imeisha. Mama ananijazia bakuli la loshoro, ile ya mahindi na maziwa, namaliza, ananijazia jingine, namaliza. Jumatatu napanda mzani. Sitini na moja. Nakula mara mbili na napungua! Nilikimbilia chooni kulia.

Sasa sikiliza ujinga wangu, Baba. Sketi yangu ya kazini ilikuwa inanibana palepale ilipokuwa inanibana siku zote. Kifungo kilekile, tundu lilelile. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikuliamini. Niliamini mzani. Nilikuwa nimekuona wewe ukiutilia shaka mara mbili na mara mbili ukashindwa, ukazikwa. Mimi nani niubishie?

Na sikumwambia mtu. Joshua, msimamizi wetu wa zamu, aliniuliza kama nina shida, nikamwambia ni mafua. Nikimwambia mzani unasoma chini, atawaita watu wa vipimo, nao watakuja na vyuma vyao, na watasema mzani ni mzima. Ningefanya nini na jibu hilo? Ilikuwa nafuu kutojua. Kwa hiyo kila asubuhi nilipanda, nikaandika namba, nikafunga daftari, kisha nikapima mizigo ya ndege nne, tano, nikatia sahihi.

Ijumaa ile mzani ukasema sitini. Nikaiandika. Nikapima mzigo wa ndege ya asubuhi hivyohivyo, nikatoa karatasi, nikaomba ruhusa kwa Joshua, nikaenda hospitali. Kwenye foleni nilikuwa nimeshapanga nani atakaa na Mama. Muuguzi akaniita, mama mmoja mnene mchangamfu. Nikamweleza kwamba baba yangu alikufa kwa tumbo na mimi nimepungua kilo nne. Akasema, "Panda hapa dada, tuone."

Sitini na nne.

Nikamwambia hapana, mzani wako una kasoro. Akacheka, akanipeleka chumba cha pili, kwenye mzani mwingine. Sitini na nne. "Umepungua wapi, dada? Mwili huo!" Nilimkumbatia, Baba. Nilicheka kwa sauti mbele ya wagonjwa. Ile furaha ilidumu kama muda wa kuvaa koti na kutafuta tundu la mkono wa pili. Mkono ukiwa umeingia nusu, ndipo nikaelewa.

Kama mimi sikupungua, basi kilichopungua ni mzani. Na mzani haukosei kilo nne peke yake. Unakosea kadiri unavyobebeshwa. Kilo nne kwangu; kwa kilo mia tano za kreti na mitungi ni thelathini na zaidi, na hizo hazimo kwenye karatasi ya rubani. Wiki tano. Ndege nne, tano kwa siku. Na ile ya asubuhi ilikuwa na abiria kumi na mmoja, mitungi ya gesi na magunia ya unga, na ilipangiwa kuondoka saa nne na nusu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano.

Nilimpigia Joshua. Simu inaita tu. Unajua mwenyewe simu haziruhusiwi pale ndege zinapopakiwa, zinaachwa kwenye droo bandani. Nilikuwa naipigia droo. Nikapiga mara saba. Nikampigia binti wa dawati la abiria, nikamwomba aizuie ndege ya asubuhi kama bado ipo, akasema subiri nikuangalizie, kisha nikasikia mwenyewe, kwenye simu, injini ikipandisha sauti. Nilitoka nje. Nilisimama kwenye ua wa hospitali kati ya watu waliokuwa wanaanika kanga, nikauona Mlima Meru umetoa kichwa mawinguni, na baada ya kitambo nikaiona ile ndege, ndogo, inapanda. Ilipanda polepole, au macho yangu ndiyo yalikuwa yanaiona polepole. Mpaka leo sijui.

Dakika hamsini mpaka mbugani. Nilikaa kwenye benchi la zege na sikuomba hata sala iliyonyooka. Nilikuwa nasema tu, wabebe, wabebe, wabebe. Muuguzi alinikuta pale akadhani nimepewa majibu mabaya. Simu ilipolia nilishindwa kubonyeza, yeye ndiye aliyebonyeza. Ilikuwa sauti ya Joshua: "Wametua. Wewe una nini?"

Nikamwambia kila kitu. Walisimamisha mzani mchana uleule. Watu wa vipimo wakaja, na safari hii vyuma vyao vilisema jambo jingine. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya kona moja, pale panapopokea uzito pakaliwa na kutu, kila siku kidogo. Kwa kila kilo mia, sita zilikuwa hazionekani.

Joshua ni mtu mwema, usimchukie kwa hili. Alinivuta pembeni akasema, "Dada, maelezo utaandika Jumatatu. Sema tu mzani uliharibika, wewe hukujua. Nani anajua mzani ulikuwa unakusomea ngapi? Daftari ni lako, liache nyumbani." Nilikaa nalo siku mbili. Mchana nilikuwa nalifungua na kulifunga. Ukurasa wa juu mwandiko wako, chini mwandiko wangu, namba zinashuka kote kuwili. Nikifikiria kulichoma nasikia baridi, nikifikiria kulipeleka nasikia baridi. Niliogopa kupoteza kazi. Niliogopea jina lako, kwamba watu watasema hata mzee huenda alikuwa hivyohivyo. Zaidi niliogopa kusema kwa mdomo wangu kwamba niliona, siku baada ya siku, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa najifikiria mimi.

Jumatatu nililipeleka. Niliandika kwamba niliona. Wamenitoa kwenye mzani mpaka uchunguzi uishe, na huenda hawatanirudisha. Mama anasema ni heri kazi ipotee kuliko watu, lakini kila akinipigia simu anauliza kama wamenirudisha.

Nilidhani hofu itaniacha baada ya hapo. Juzi Ijumaa nilikwenda kuchukua vitu vyangu bandani, akanifuata Kapteni Godlisten, yule rubani kijana wa Machame uliyekuwa unampenda kwa sababu anasalimia wapakiaji wote kwa majina. Yeye ndiye aliyerusha ile ndege. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia. Alikuwa anageuza kofia yake mikononi. Ameniruhusu kuliandika hili, na yeye mwenyewe ameshaliandika kwa wakubwa wake.

"Dada," akasema, "huu mwezi wote niliona ndege inachelewa kuachana na lami. Kidogo tu. Mara ya kwanza nikasema ni joto la jua. Mara ya pili nikasema ni mkono wangu, nimeanza kuharibika. Nikaogopa wataniondolea leseni. Sikumwambia mtu."

Yeye ana miaka thelathini na mmoja na alikuwa analia. Nami nilimwangalia nikahesabu siku, Baba. Mimi nilikuwa chini na siri yangu, yeye alikuwa kwenye usukani na siri yake, kila mmoja anajiona ndiye mgonjwa. Na asubuhi zote hizo, kati yangu na yeye, watu walikuwa wamekaa wamefunga mikanda, wanapiga picha mlima kupitia dirishani.

Pumzika, Baba. Hapa juu ya bati langu ndege zinapita tangu asubuhi, na kila moja nanyamaza mpaka niisikie imepita.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama.