Ufa Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Ijumaa, 3 Mei. Jinja
Nimepanga vifaa vya kesho. Chupa za chuma, maana plastiki marufuku. Mifuko ya kitambaa ya kushushia taka. Miche, kila mgeni apande wake. Bosi Kirunda anaiita ziara isiyoacha alama. Siku moja tu mlimani Wanale: kupanda asubuhi, maporomoko ya maji, chakula kwa mama mkwe wangu, kushuka kabla ya mvua. Soli ya buti imeachia tena, nimeifunga kwa waya. Leo nalala kwa dada Halima, Nalufenya. Kesho kwangu Namatala, Mbale, kwa mke wangu Zaina.

Jumamosi, 4 Mei. Namatala
Wageni wapole, wanauliza jina la kila ndege. Mengine niliyatunga.

Juu ya shamba la mama mkwe kuna ufa. Safari iliyopita haukuwepo, au sikuuona. Mzee mmoja wa wageni alitumbukiza fimbo yake ya kutembelea, ikazama hadi kwenye mshikio. Wenzake wakacheka na kupiga picha. Mimi sikucheka. Ufa umejipinda juu ya nyumba, kutoka mgomba wa kwanza hadi wa mwisho.

Chakula kilikuwa malewa, machipukizi ya mianzi kwa mchuzi wa karanga. Nilikula nyuma ya mibuni kama kawaida. Kwa Wagisu mkwe haonani na mama wa mke wake. Haingii nyumbani mwake. Kumgusa ni aibu isiyosemeka. Mimi Mnubi, babu yangu aliletwa na jeshi, lakini nimeoa kwao na nimelishika jambo hilo tangu siku ya posa. Tukitaka kusemezana tunamsemesha mbuzi wake. Leo nilimsikia akimwambia: "Ambia mkwe mulango yangu inakataa kufunga. Fundi amepunguza mbao mara mbili na bado."

Nilimjibu mbuzi kwamba nimesikia. Nilipofika barabarani ndipo akili ikanijia. Mlango hauna kosa. Nyumba imesogea.

Jumapili, 5 Mei
Nimempigia bosi. "Afande, hiyo mulima iko pale tangu Mungu aumbe dunia. Wacha kutisha wageni." Ananiita afande kwa kunitania, kwa sababu ya babu. Leo utani wake umenikera.

Zaina naye kampigia mama yake. Hatoki. Kahawa imeanza kuiva, mumewe kazikwa pale. Halafu atoke aende wapi? Mtoto wake ni mmoja, na huyo mmoja anaishi na mimi. Chumba na sebule.

Zaina hakula.

Jumatano, 8 Mei
Zaina alipanda jana. Chemchemi ya mama imekauka, katikati ya masika. Maji ya mwisho yalitoka kama chai. Migomba imeinama yote upande mmoja. Mwenyekiti wa kijiji ameahidi kuja kutazama. Hajaja.

Naogopa. Mchana kutwa naogopa.

Ijumaa, 10 Mei. Jinja
Mvua tangu juzi. Nilimwambia bosi siendi. Akasema yupo mwingine wa kwenda. Basi naenda. Huyo mwingine atawasimamisha wageni juu ya ufa wapige picha.

Jumamosi, 11 Mei. Namatala
Niliwageuza wageni njiani. Walinuna. Nikawarudisha kwa dereva, nikapanda peke yangu.

Ufa sasa unameza mguu. Ardhi ilikuwa inatoa sauti chini kwa chini, kama tumbo lenye njaa. Mbuzi alikuwa amekata kamba, hayupo. Nikaita kutoka kwenye mibuni. Mama mkwe akajibu kutoka ndani. Mlango ulikuwa umekwama, hawezi kutoka.

Sikuwa na wa kumtuma. Nikapiga teke mara kadhaa, mbao zikaachia.

Alijifunika uso kwa leso. "Toka, mkwe. Toka. Nitakufa na haya." Nikambeba mgongoni. Hakupigana nami. Alilia njia nzima, mimi nikitazama buti zangu. Watu tuliokutana nao waligeuka, wakatazama pembeni.

Mlima haukuanguka.

Jumapili, 12 Mei
Bado umesimama. Kutoka mlangoni kwetu unaonekana wote, na jua limeupiga vizuri. Majirani wanauliza kama nilikuwa na akili timamu. Hata mimi najiuliza.

Mama mkwe alikesha uani, chini ya bati la jikoni. Hakuingia kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Na mimi mjinga nililala ndani, nikidhani kumtoa kule ndiyo kazi yenyewe. Alfajiri nikamsikia akifunga mzigo wake, akimwambia Zaina heri arudi juu. Kule atakufa mara moja. Hapa kila siku.

Nimetia nguo kwenye begi, nikatokea mlango wa mbele ili asinione. Niliona aibu, na hasira pia. Ile nyumba nimeijenga mwenyewe.

Jumanne, 14 Mei. Jinja
Bosi amenifuta kazi kwa kuwarudisha wageni. Jumamosi atawapeleka mwingine, njia ileile. Nimempigia huyo mwenzangu mara nyingi. Hapokei.

Halima amenipa godoro. Nimemsaidia kumenya viazi. Mvua imeanza hapa, na Zaina anasema huko pia.

Mama ameingia ndani. Amekula, amelala kitandani kwetu. Mlima ukianguka hana pa kurudi, na mimi sina kwangu. Usipoanguka atarudi, na mimi nitalala kwangu nikiusikilizia. Nimelifikiria sana hilo, sijui niombe lipi.

Jioni Zaina alipiga tena. Mama anauliza narudi lini, ajue siku ya kuondoka. Nimesema amjibu kwamba nimepata kazi ya kudumu huku Jinja.