Mbwa wa Ukweni

Jumamosi, 6 Agosti

Palizi imekwisha, leo nimepeleka mbwa wa kitoweo ukweni kama desturi. Kuna wanaume hapa Jos siku hizi wanapeleka katoni za soda. Aibu yao! Mimi nimepeleka mbwa mwekundu, mnene. Na aibu yangu ndiyo hii: kumfungua kamba tu, kamrukia mama mkwe, kamng'ata mkono. Damu! Baba mkwe kampiga rungu papo hapo, kisha akacheka: "Dalyop, mbwa wako ana akili, kaanza na mwenye nyama!" Akachoma manyoya ya mbwa, akapaka majivu kwenye kidonda. Mbwa kaingia chunguni, pilipili tele. Ini kapewa mama, eti ndiyo dawa. Nimekula. Na pombe nimekunywa, mpaka nyimbo nimeanzisha mimi.

Jumapili, 7 Agosti

Tulipotoka kanisani, Kaneng, mke wangu, kaniuliza: yule mbwa alichanjwa? Kama hakuchanjwa, mama akachomwe sindano. Nikajibu, "Alichanjwa, aliyeniuzia kaniapia."

Uongo mtupu! Bitrus muuza mbwa alisema hivi: huyu kachoka kidogo, nakukatia nusu ya bei, achinjwe leo leo. Nami nilimwona njia nzima udenda unamtoka, macho hayatulii. Nikajitia upofu. Sasa nimwambie nini Kaneng? Kwamba nimempelekea mama yake mbwa mgonjwa? Ukoo wao ungenitungia wimbo, na watoto wangu wangeuimba.

Jumatano, 10 Agosti

Mkono wa mama umepungua uvimbe. Nikashukuru Mungu. Halafu nikaona haya kumshukuru.

Ijumaa, 12 Agosti

Sokoni. Banda la Bitrus tupu. Jirani yake kasema Bitrus yuko hospitali, kafungwa kitandani. Kaletewa maji, kapiga mayowe. Mbwa wa banda lile walianza kufa zamani, mmoja alimng'ata Bitrus, naye akanyamaza asikose wateja. "Wewe si ndiye uliyemchukua yule mwekundu?" Nikasema siye mimi! Nimekana mbele ya mtu ambaye hata jina lake silijui.

Nikapita zahanati. Nikamwuliza nesi, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Kasema sindano za kichaa cha mbwa bado zinafaa maadamu ugonjwa haujaanza. Ukianza, hakuna daktari. "Mbwa yuko wapi tumwangalie?" Nikasema tumemla. Hakucheka. "Basi huyo mtu mwingine wako mlete kesho asubuhi. Usichelewe."

Kaneng sijamwambia. Mdomo mzito.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika nimekaa juu ya pikipiki, uani kwa wakwe.

Nimemkuta mama mkwe jikoni peke yake, anachambua maharage. Nimepiga magoti, nimemwambia yote: udenda, nusu bei, uongo, Bitrus. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua, mwanangu. Nilimwona yule mbwa tangu mlangoni. Ningesema mbele ya watu wote wale, uso wako ungeuweka wapi?"

Nimelia, mtu mzima mimi! Nikamwambia, mama, panda twende, nesi anangoja. Hataki! Eti watu watauliza anafuata nini zahanati na kidonda kimefunga. Watauliza mbwa alitoka wapi. Wewe ni mkwe wangu, kasema, aibu yako ni yangu. "Tuvune kwanza. Watu wakisahau, tutakwenda kimya kimya, mimi na wewe."

Tuvune kwanza! Anataka kufa kwa ajili ya heshima yangu, heshima ambayo sina.

Nimetoka nje nikamwita baba mkwe kwa sauti. Nikawaita shemeji zangu. Nikawaita na majirani, wote waliokula. Wanavuta viti, wanacheka, wanadhani nimeleta mbwa mwingine. Mama kasimama mlango wa jikoni, kidole mdomoni, ananitikisia kichwa.

Baba mkwe keshakaa. Anasema, haya Dalyop, tuambie.