Kisu cha Kamaldine matangani

Nadine, bado siamini. Nimetoka matangani kwa Pascaline, ambaye mume wake aliuawa juzi kwenye barabara ya kwenda Wamaza.

Kamaldine alikuja kuchinja mbuzi, ili Wakristo na Waislamu waweze kula pamoja kama ilivyo desturi yetu. Blaise, anayemfanyia kampeni mheshimiwa mmoja wa ubunge, akamzuia: "Kisu cha Mwislamu hakiingii hapa. Wao ndio wameua."

Wao ndio wameua. Mbele ya mjane.

Pascaline akasimama. "Nilikuwapo, Blaise. Hawakumuuliza anasali wapi. Walimuuliza, 'Uko mutu wa mheshimiwa gani?' Akamtaja wa kwako, ndipo wakamuua."

Blaise akampisha Kamaldine. Lakini shemeji yake Pascaline akamnyang'anya Kamaldine kamba ya mbuzi. "Rudi kwenu Uarabuni."

Kamaldine amezaliwa nyumba ya pili kutoka pale.