Bibi Effie Akwama Chumba cha Tatu

Dundee,
3 Machi

Kwa kaka yangu Gregor,

Salamu zikufikie huko Leeds ukiwa mzima, wewe na wifi Alison. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye barafu? Sisi huku hatujambo. Mvua ni ile ile, mpwa wako Catriona anajiandaa na mitihani, na mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una hasira, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, kama kawaida yako.

Tulirudi salama kutoka kwenye maonyesho yenu ya kompyuta za zamani, na ahsante kwa tiketi. Ukumbi ulijaa wanaume wa rika lako, vitambi mbele, wanabonyeza vitufe vya mpira huku wakitabasamu wenyewe. Sikuwacheka. Nilipoishika ile kompyuta mpya iliyotengenezwa ifanane na ya zamani, nilivipapasa vitufe vyake. Nilimkumbuka mama akirudi kutoka kiwandani, vidole vimechubuka kwa kuunganisha kompyuta hizo kutwa, ile siku aliyotuletea ya kwetu na kutuonya kwamba saa ya tamthilia yake, televisheni, ambayo ndiyo ilikuwa kioo cha kompyuta, ni yake.

Kisha ukapanda jukwaani kuonyesha ule mchezo wa kompyuta wa utotoni mwetu. Ulisema "mchezo wangu" mara tisa, nilihesabu. Ukamwongoza Bibi Effie, yule mfagiaji wa kiwanda wa mchezoni, akaokota skrubu zake chumba cha kwanza, akaokota cha pili, akaingia cha tatu, na papo hapo kioo kikajaa michirizi na mashine ikazimika. Ukawaambia watu kwamba hapo ndipo dada yako alipokusomea vibaya namba za programu kutoka daftarini mwaka themanini na nne, ukakosa shindano la michezo la gazeti, kwa hiyo anayetaka programu yake ifanye kazi asimpe dada yake daftari. Ukumbi ukaangua kicheko. Catriona, ambaye Septemba anakwenda chuo kusomea kompyuta hizo hizo, hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, nami nikajifanya natafuta miwani.

Gregor, huna haya? Wewe ni mhandisi mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Kosa la namba moja ungelirekebisha kabla chai yako haijapoa. Hukulirekebisha kwa sababu bila hilo huna cha kuchekeshea watu. Ulilisema harusini kwangu. Ulilisema siku ya mazishi ya mama, wageni wameshika visahani. Sasa unanieleza, tena kwa furaha, kwamba ile kampuni ndogo ya pale maonyeshoni itautia mchezo ndani ya kompyuta zake mpya, na mwisho wa mwezi huu kijitabu kitachapwa: mtunzi Gregor, na mimi nimo kama kichekesho.

Msema pweke hushinda, na wewe umesema peke yako miaka arobaini. Leo nasema mimi. Nani alimbuni Bibi Effie? Ni mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye karatasi ya miraba, nikihesabu kila mstari wa picha mpaka ukawa namba. Vyumba vyote nilichora mimi. Wewe ulimfanya atembee, na sifa hiyo sikunyimi, kazi ilikuwa ngumu. Ile Jumamosi ya mwisho kabla ya shindano nilikusomea namba zako kutoka daftarini, zaidi ya elfu moja, wewe unaziingiza kwenye kompyuta bila kuinua kichwa, tangu asubuhi mpaka mama akatuletea pai. Sikukosea hata moja. Ulipokosea wewe, ni mimi niliyekushtua.

Tulipobakiza ukurasa mmoja ulitaka kwanza kunionyesha kwenye kioo ukurasa wa jina la mtunzi. Jina lilikuwa moja, lako. Nikauliza langu liko wapi. Ukasema, "We umechora tu. Kuchora nako kazi? Hebu soma, unanichelewesha."

Nikasoma. Namba ya mwisho daftarini ilikuwa mia mbili na moja, ile inayoiamuru mashine irudi ilikotoka. Nilijua maana yake, kwa sababu ulinifundisha mwenyewe. Nikakusomea mia mbili na kumi.

Sikukosea, Gregor. Nilikusudia. Daftari nililificha chini ya godoro langu ili usiweze kulinganisha. Barua ya gazeti ilipokuja ulijifungia bafuni ukafungulia maji, lakini nilikusikia ukilia, na nilifurahi. Siku ya tatu furaha ikaniisha. Ningekwambia, ila ulikwisha kuanza kuwatangazia watu kwamba wasichana na namba haviivi chungu kimoja, na kiburi kikanifunga mdomo. Kwa kukuharibia kitu ulichokipenda, nisamehe. Kwa ujinga siombi msamaha, kwa kuwa sikuwa mjinga.

Catriona nimemwambia yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama, kumbe we ndo mdukuzi wa kwanza wa ukoo! Mjomba anajua?" Sasa unajua.

Ukurasa wa daftari umo humu ndani ya bahasha, kwa mwandiko wako. Irudishe ile namba, na majina kijitabuni yawe mawili. Halafu, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, kaa peke yako umwingize Bibi Effie chumba cha tatu. Namba za picha iliyomo humo uliziingiza bila kujua ni za nini. Nilimchora mama, na koti lake la kazini, amesimama getini anatusubiri. Wewe umemwacha huko ili watu wacheke. Mimi nilimfungia huko, akafa bila kujiona, na hilo ni langu, silisukumi kwako.

Wifi msalimie sana. Catriona anakuamkia. Usipige simu, niandikie.

Ni mimi dada yako,
Lorna