Maneno Mia na Kumi ya Kujazia

Jumanne, 6 Mei 2025

Kikao tena. Bwana Fadairo kasimama mbele ya ubao nusu saa nzima akituonyesha mistari inayoshuka. Yote inashuka. Watu hawafungui tena kurasa zetu. Mtu anauliza swali, mtambo wa kutafuta unamjibu pale pale juu kwa akili mnemba yake, anaenda zake. Sisi tuko chini, tunapiga miayo.

Miaka minane nimeishi kwa kazi hii. Kujua watu wa Ibadan wataandika nini kwenye simu kabla hawajaandika. Hata wakikosea herufi, nami nakosea vile vile, makusudi, ili wanipate. Huo ulikuwa ufundi. Leo bosi kauita mambo ya zamani.

Tulikuwa kumi na wanne, tumebaki watano. Mwisho wa mwezi watabaki wawili. Kila mtu alete ukurasa mmoja ambao bado una faida. Sunkanmi, tunayekaa naye meza moja, kaninong'oneza kwamba yeye ataleta picha ya harusi yake. Nilicheka. Sijui nilipata wapi nguvu.

Alhamisi, 8 Mei

Ninao! Ukurasa wa sherehe ya kumpa mtoto jina. Niliuandika mwaka 2017 kwa mteja anayeuza nguo za vichanga. Ukiuuliza mtambo nani humwonjesha mtoto asali siku ya jina, jibu la juu kabisa limetoka kwangu, na duka la mteja limetajwa chini yake. Bwana Fadairo alikaribia kunikumbatia. Siku hizi, anasema, habari si kufunguliwa, habari ni kunukuliwa.

"Motunrayo, wewe ni mmoja wa wale wawili."

Nikaenda kununua akara, bajia za kunde, kusherehekea. Nikalisoma lile jibu vizuri huku nakula. "Kwa desturi ya Wayoruba, mwanamke ambaye hajazaa, haruhusiwi kumwonjesha mtoto asali."

Nikaiweka akara chini. Hiyo si desturi. Hiyo nimeitunga mimi.

Nakumbuka mpaka kiti. Mteja alitaka maneno elfu moja na mia tano. Nilikuwa na elfu moja mia tatu na tisini, saa kumi na moja jioni, mvua inakuja, nataka kwenda nyumbani. Nikajazia mia na kumi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sijaolewa. Nani atasoma mpaka chini?

Sasa nina thelathini na mbili. Nimeolewa miaka sita. Sina mtoto.

Jumapili, 11 Mei

Olaitan kajifungua alfajiri. Mtoto wa kike, nywele tele, hasira tele. Mdogo wangu yule niliyembeba mgongoni sasa ni mama wa mtu.

Aliponiona tu akanishika mkono. Asali ni wewe, Dada. Nikamwambia apumzike kwanza. Akasema hapana, nisikie sasa hivi, yeye hataki mtu mwingine: mimi ndiye niliyemlea, mwanawe ataonja utamu kwa mkono wangu. Nikaanza kulia, naye akaanza. Mama katuuliza tunalia nini wakati mwenye kazi hiyo amelala.

Miaka sita, kila sherehe, mimi ni wa nyuma ya nyumba na sufuria. Hakuna anayenisema. Wananipa mwiko tu. Hii ni mara ya kwanza naitwa mbele. Siku ya nane ni Jumapili ijayo.

Jumatatu, 12 Mei

Nilipita kwa Olaitan baada ya kazi. Nikamkuta Shangazi Abeke, dada wa baba mkwe wake. Mama mzuri, mcheshi, lakini simu haitoki mkononi. Anaiuliza dawa ya kiuno, anaiuliza bei ya viazi vikuu. Anamwambia Olaitan kwamba anapanga utaratibu wote wa siku ya jina kwa kuiuliza simu, hatua kwa hatua, ili familia isiaibike. Vijana wa leo hamjui kitu, anasema.

Akifika kwenye asali, atanikuta mimi.

Lazima ile sentensi itoke kabla ya Jumapili.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia bosi nataka kusahihisha ukurasa. Akataka kujua wapi. Nikamwonyesha.

"Hilo? Ndilo linalonukuliwa hilo! Ukilitoa, mtambo unahamia kwa mwingine na mteja anahama naye."

Nikamwambia ni uongo.

"Kalalamika nani?"

Mimi.

"Wewe si mteja." Kisha akalainika kidogo, akaniuliza kama naelewa kwamba hiyo sentensi ndiyo kiti changu. Naelewa. Hakuna asichonielewesha.

Sikumwambia habari za asali. Ningeanzia wapi? Mwanamume akisikia neno "sijazaa" anatazama dirishani.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeifuta.

Saa nne asubuhi, bosi kaenda benki. Mahali pake nikaandika: Yeyote anayempenda mtoto anaweza kumwonjesha asali. Basi, nikasema, kiti kiende, asali ibaki.

Nikasubiri. Saa nane nikauliza mtambo. Jibu lile lile. Neno kwa neno. Ila sasa limenukuliwa kutoka tovuti nyingine, iliyoninakili mpaka ile koma niliyoiweka mahali sipo. Nikaanza kuhesabu. Kurasa sitini na tatu. Moja inaongeza "tangu enzi za mababu". Moja imeandikwa na mtu anayejiita mtafiti wa mila. Nyingine inasema asali hiyo itakuwa chungu maishani mwa mtoto. Mimi sikusema hivyo jamani. Mimi nilitaka maneno mia na kumi tu.

Niliwaandikia watatu waondoe. Mmoja kajibu: lete ushahidi kwamba si kweli.

Uongo wangu umezaa. Mimi ndiye sijazaa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefukuzwa. Bosi kaona kila kitu, mfumo wa tovuti yetu umeandika saa na jina langu. Hakupiga kelele hata. Sunkanmi kanibebea boksi mpaka getini. Nikamweleza yote pale, koma na asali na Shangazi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Akaomba radhi papo hapo. Nikamwambia asiombe, ni kweli.

Jumapili, 18 Mei

Niko chumbani kwa Olaitan, nimekaa kwenye kitanda chake, mlango nimeurudisha. Naandika kwa sababu sijui kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nilikuwa jikoni nishamimina asali kwenye kibakuli. Shangazi Abeke akaingia na simu. Angekuja kwa ubaya ningemweza. Alikuja kwa upole. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Hata mimi sikuijua hii mpaka wiki hii. Lakini imeandikwa, na mtoto si wa kujaribia."

Nikamwambia, "Shangazi, niliiandika mimi. Niliitunga."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Wewe? Mpaka enzi za mababu?"

Nikaanza kumweleza. Mteja, maneno, koma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Wanawake wakaacha kukata vitunguu. Mmoja akasema taratibu kwamba uchungu wa kukosa mtoto humfanya mtu aseme mengi, nisihukumiwe. Nilitamani anipige kofi kuliko hivyo.

Nikamgeukia Mama. Mama yangu, aliyeketi kwenye sherehe za jina tangu hajaota meno. "Mama, waambie. Uliwahi kuisikia hii?"

Mama akakitazama kibakuli. Akasema, "Hata wakati wa bibi yenu ilikuwa hivyo."

Akakichukua mikononi mwangu.

Sijui alisema vile kuniokoa na aibu mbele ya wakwe, au anakumbuka kweli. Nimemtazama usoni nikashindwa kujua. Naogopa kwamba anakumbuka.

Wameanza. Namsikia baba mkwe wa Olaitan akiombea maji, sasa chumvi. Zamu ya asali. Olaitan anauliza, Dada yuko wapi? Watu wananong'ona. Anauliza tena, kwa sauti. Anasema bila mimi mwanawe haonji asali ya mtu, na kama ni hivyo sherehe na isimame. Imesimama. Umati wote ule, na nasikia feni tu.

Mama yuko mlangoni. Hajaingia. Ananiambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mdogo wangu kwa wakwe siku ya kwanza ya mwanawe. Olaitan hunisikiliza mimi peke yangu, anasema. Nitoke nimwambie mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ni kweli, ndiyo desturi.

Nimesimama. Nimekaa tena. Mama bado yuko mlangoni.