Msalaba iko wapi?

Belyse, soma hii ukiwa peke yako. Nimekwisha.

Unakumbuka parokia walitaka picha ya mwisho ya ule mnara wa zamani kabla haujabomolewa? Nikajitia kuipiga kwa kamera kubwa ya Mzee Jean-Berchmans, ile ya sanduku, ili itoke picha ya kutundika ukutani.

Leo nimewapelekea. Mama Nyiramana akavaa miwani, akatazama weee, akaniuliza, "Msalaba iko wapi?"

Iko wapi. Haupo. Juu nimeukata, chini nimejaza nyasi.

Si unajua kamera yangu ndogo? Nikitaka kilele kiingie nasogeza lenzi juu milimita 11, basi. Na ile kubwa nikaiwekea 11 hiyohiyo. Kwenye kioo chake picha inaonekana kichwa chini, jua linawaka, sikuona kitu. Nikaamini namba.

Nimetoka nje nikampigia Mzee. Hata hakunikaripia, bora angenikaripia. "Mwanangu, filamu yako ikisimama ina urefu wa milimita 36. Yangu ina 120. Hiyo 11 kwako ni karibu theluthi ya picha, kwangu haifiki hata sehemu ya kumi. Ulitakiwa kufika 37."

37, Belyse. Na mnara walishaubomoa Jumanne.

Nikarudi ndani, nikamweleza Mama Nyiramana hesabu yote. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akaigeuza picha, akautafuta msalaba kwa nyuma.